Furaha ya Mwimbaji wa Safari: Je, Ni Uongo?

Ziko kazi nyingi ambazo mtu aweza kuzifanya vema hali moyo wake ni mzito. Mkulima mwenye huzuni hulima, na mtama huota. Seremala aliyefiwa hupiga randa, na ubao hulainika. Ubao haumwulizi fundi kama amelala vema. Lakini iko kazi moja ambayo bidhaa yake ni furaha yenyewe, nayo ni kazi ya mwimbaji wa kulipwa. Huyu hawauzii watu mtama wala meza. Huwauzia saa mbili za kuchangamka. Basi swali langu ni hili: siku ambayo yeye mwenyewe hana furaha hata chembe, naye akapanda jukwaani, akacheka na kurukaruka mbele ya watu waliotoa kiingilio, je, amewadanganya? Je, fedha aliyoipokea ni ya wizi?

Swali hili si la mchezo. Yuko mtu aliyejihukumu kwa swali hili, akajiona ana hatia, naye sasa ni marehemu. Habari yake nitaisimulia mbele. Wala si swali la watu wa mbali tu. Nitaonyesha kwamba limekaa pia katika kwaya zetu na madarasa yetu. Lakini kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe, maana asiyejua uzito wa mzigo hawezi kumhukumu mpagazi.

Watu niwasemao ni wapigaji wa muziki uitwao roki. Muziki huu ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, nao ulikuwa na wazazi wengi: nyimbo za huzuni za watu Weusi wa kusini, nyimbo za makanisa yao, na nyimbo za Wazungu wa mashamba. Msidhani kwamba ulitoka katika vilabu vya pombe tu. Bibi mmoja, Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na kulelewa kanisani, alipiga gitaa la umeme na kuimba nyimbo za Injili kwa namna ambayo wapigaji wa roki waliomfuata walijifunza kwake. Naye alikuwa mtu wa safari. Katika majimbo ya kusini, ambako hoteli ziliwakataa watu Weusi, yeye na wenzake walilala ndani ya basi lao. Na jioni waliwaimbia watu habari ya furaha ya mbinguni.

Bendi ya roki kwa kawaida ni watu wanne au watano: wenye magitaa, mwenye ngoma, na mwimbaji. Wakisafiri, desturi yao ni hii. Usiku, wakiisha kupiga, vyombo hufungwa katika masanduku na kupakiwa garini, nao hulala njiani huku gari likienda. Asubuhi huamka katika mji wasioujua. Mchana vyombo hupakuliwa, nyaya huungwa, vipaza sauti hujaribiwa, kisha hungoja. Kungoja ndiko sehemu kubwa ya kazi yao. Jioni hupiga kwa muda wa saa moja na nusu au saa mbili, nyimbo zile zile walizopiga jana, kwa mpango ule ule, maana watu wa mji huu wametoa fedha ili wasikie zile zile walizozizoea katika santuri na redio. Kiisha masanduku hufungwa tena. Hivyo ndivyo waishivyo majuma na miezi. Mtu wa bendi aweza kupita katika miji ishirini asiijue hata mmoja, kwa kuwa aliona ukumbi, chumba cha kulala na barabara tu.

Tena yafaa tujue kwamba siku hizo zote zimekwisha kuuzwa mbele. Miezi mingi kabla ya safari, ukumbi umepangwa, matangazo yamebandikwa, tikiti zimenunuliwa. Dereva, mafundi wa umeme, wachukuzi wa masanduku, na wenye kumbi, wote wanangoja ujira wao kutoka katika koo la mtu mmoja. Ni mfano wa mkulima aliyeuza mahindi yangali machanga shambani. Mahindi yakistawi, yasistawi, mnunuzi atakuja siku yake na magunia. Lakini mkulima aweza kununua mahindi kwa jirani akalipa deni lake. Furaha haikopeshwi na jirani. Ndipo ugumu wa kazi hii unapoanzia.

Natoa mifano mitatu, mpate kuona jinsi deni hilo linavyodaiwa.

Wa kwanza ni wa mwaka 1959. Mwezi wa Januari waimbaji vijana walianza safari katika majimbo ya kati ya Marekani, upande wa kaskazini, wakati wa baridi kali. Walipangiwa miji 24 katika siku 24. Aliyeipanga safari hakufuata ukaribu wa miji. Walikwenda mbele na kurudi nyuma, huku na huku. Mabasi yalikuwa mabovu, na vyombo vya kutia joto ndani yake viliharibika, hata mpiga ngoma mmoja, Carl Bunch, miguu yake ikadhurika kwa baridi akalazwa hospitalini. Tarehe 2 Februari walipiga Clear Lake, katika jimbo la Iowa. Buddy Holly, kijana wa miaka 22, akakodi ndege ndogo ili autangulie mji wa pili, apate kulala na kufua nguo. Ritchie Valens, wa miaka 17, alipata kiti kwa kurusha sarafu. J. P. Richardson, wa miaka 28, aliyeshikwa na mafua, aliachiwa kiti na mwenzake kwa huruma. Usiku ule, tarehe 3, ndege ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, wakafa wote watatu pamoja na rubani. Na jioni iliyofuata, katika mji wa Moorhead, Minnesota, onyesho lilifanyika. Waliobaki walipiga, na vijana wa pale pale wakaitwa kujaza nafasi za marehemu. Maiti hazijazikwa, na tayari watu wanacheza.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1964. Bendi ya Beatles, vijana wanne wa Liverpool huko Uingereza, walikuwa karibu kusafiri, mpiga ngoma wao Ringo Starr akaugua koo akalazwa. Mwenzake, George Harrison, alikataa kwanza kwenda bila yeye. Lakini tikiti zilikuwa zimekwisha uzwa. Basi akaajiriwa mtu mwingine, Jimmie Nicol, akapiga nao Denmark, Uholanzi, Hong Kong na Australia kwa siku chache, hata mwenyewe alipopona. Kisha Nicol akapewa ujira na saa ya dhahabu, akarudishwa kwao. Watu waliofurika hawakupungua kwa sababu mmoja hayupo.

Mfano wa tatu ni bendi ile ile. Tarehe 15 Agosti 1965 walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Watu hao walipiga kelele tangu mwanzo hata mwisho, hata wapigaji hawakuweza kujisikia wenyewe. Ringo alisimulia baadaye kwamba iliwapasa macho yake kuwatazama wenzake jinsi walivyotikisika, ili ajue wamefika wapi katika wimbo, maana masikio hayakumfaa. Fikirini jambo hilo: watu hamsini na tano elfu wamekuja kumsikiliza mtu, na kwa kumpenda wakafanya asisikike. Tarehe 29 Agosti 1966, huko San Francisco, walipiga onyesho lao la mwisho la kusafiri. Hawakuacha muziki, waliendelea kutengeneza santuri mpaka mwaka 1970. Waliacha safari.

Sasa nasimulia habari ya yule niliyemtaja mwanzo. Kurt Cobain alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la Washington, Marekani, akawa mwimbaji wa bendi iliyoitwa Nirvana. Santuri yao ya mwaka 1991 iliuzwa kwa mamilioni, na kijana aliyekuwa maskini akawa anajulikana dunia nzima kwa muda mfupi. Onyesho lao la mwisho lilikuwa Munich, Ujerumani, tarehe 1 Machi 1994. Yaliyobaki yaliahirishwa kwa sababu koo lake lilikuwa gonjwa. Tarehe 5 Aprili alijiua, akiwa na miaka 27, akaacha mke na binti mdogo. Aliacha na barua. Ndani yake alieleza kwamba makelele ya watu kabla ya onyesho hayakumwamsha tena kama yalivyowaamsha wengine. Kwamba aliona ni kosa kubwa kuwaibia watu kwa kujifanya anafurahi kamili. Na kwamba mara nyingine alijiona kama kibarua ambaye angestahili kupiga kadi ya saa kabla ya kupanda jukwaani.

Sitaki mtu afikiri kwamba nasema alikufa kwa sababu hiyo peke yake. Alikuwa na maumivu ya tumbo ya miaka mingi, alitekwa na dawa ya kulevya iitwayo heroini, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Kifo cha namna hiyo hakina mlango mmoja. Walakini hukumu aliyojihukumu imeandikwa, nasi twaweza kuuliza: je, ilikuwa hukumu ya haki? Kama ilikuwa ya haki, basi kila mwimbaji mwenye huzuni ni mwizi. Kama haikuwa ya haki, ingefaa apate mtu wa kumwambia hivyo.

Nasema haikuwa ya haki, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, tutazame uongo ni nini. Kusema uongo ni kumwambia mtu neno lisilo kweli, ukitaka aliamini, hali yeye ana haki ya kuijua kweli. Je, mwimbaji anapoimba wimbo wa furaha huwaambia watu kwamba leo, tarehe hii, yeye hana shida? La. Na ushahidi ni huu: akiimba wimbo wa mtu aliyefiwa na mamaye, hatumwendei baada ya ngoma kumpa pole na kuchanga rambirambi. Twajua kwamba wimbo si kiapo. Basi ikiwa wimbo wake wa kilio hautuhakikishii kwamba amefiwa, kwa nini wimbo wake wa furaha utuhakikishie kwamba amefurahi? Kanuni ni moja kwa zote mbili.

Mkitaka kujua uongo katika uimbaji unafananaje, upo. Mwaka 1990 ilifunuliwa kwamba vijana wawili walioitwa Milli Vanilli, waliosifiwa sana na kupewa tuzo kubwa ya Grammy, hawakuwa wameimba wenyewe katika santuri yao. Sauti zilikuwa za watu wengine, nao walifumbua vinywa tu. Tuzo ikachukuliwa. Huo ndio udanganyifu wa kweli, kwa kuwa watu waliuziwa sauti ambayo haikuwa ya muuzaji. Lakini Cobain aliimba kwa koo lake mwenyewe, na gitaa alilipiga kwa mkono wake. Alichokiahidi alikitoa. Kilichopunguka kilikuwa moyoni, na moyo haukuandikwa katika tikiti.

Pili, Bwana wetu mwenyewe hakufundisha kwamba uso lazima uwe tangazo la moyo. Katika mafundisho yake mlimani aliwaonya wale wanaokunja nyuso ili waonekane kuwa wamefunga, akawaagiza wanafunzi wake kwamba mwenye kufunga anawe uso na kujipaka mafuta kichwani. Yaani tumbo lina njaa, lakini uso umetakata. Kama uso safi juu ya tumbo lenye njaa ungekuwa uongo, asingeliagiza. Kuna nyuso mbili zinazoficha: uso wa mnafiki, ufichao ubaya ili upate faida; na uso wa mtu mwema, ufichao maumivu ili usiwatwishe wengine mzigo. Mama mwenye njaa humwimbia mtoto wake mpaka akalala. Ni nani atakayesema kwamba mama huyo ni mwongo? Wimbo wake ni zawadi, na ni zawadi kubwa zaidi kwa sababu haukutoka katika shibe.

Tatu, kazi iliyoahidiwa ni ya mikono, na hisia si za kuamuru. Mwalimu afundishaye jedwali la kuzidisha kwa mwaka wa kumi na mbili hawezi kulistaajabia kama siku ya kwanza. Saba mara nane ni hamsini na sita, na itakuwa hivyo mwakani. Lakini mtoto aliye mbele yake analisikia kwa mara ya kwanza maishani, naye anastahili kulipata kwa sauti iliyo hai. Je, mwalimu akichangamsha sauti yake kwa ajili ya mtoto huyo amedanganya? La, ametumikia. Kadhalika padre au mchungaji asomaye ibada ile ile kila Jumapili. Asubuhi nyingine maneno huwaka kinywani mwake, asubuhi nyingine ni kama majivu. Lakini mkate wa waumini haupungui kwa sababu roho ya msomaji ni kavu. Cobain aliona aibu kujifananisha na kibarua wa kadi ya saa. Mimi sioni aibu katika neno hilo. Kibarua ajaye kazini siku asiyotaka, akaifanya kazi vema, ni mtu mwaminifu.

Hapo msomaji mwenye akili atanipinga. Atasema: "Mwalimu, kama ni hivyo, umewafungulia watu mlango. Kila mtu na afiche, kila mtu na ajifanye, mradi kazi iende." La, ndugu, sisemi hivyo. Nasema kwamba umati hauna haki ya kudai moyo wa mwimbaji. Lakini mwimbaji ni lazima awe na watu wengine ambao wana haki hiyo, na ambao hawafichi. Asiyemwambia umati ukweli wa moyo wake hana kosa. Asiyekuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia yu hatarini, na hatari hiyo ni kubwa kuliko dhambi ya uongo aliyoiogopa.

Nawapa mfano wa mtu aliyezaliwa katika pwani yetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika jamaa ya Waparsi; wazazi wake walihamia Uingereza mwaka 1964, naye huko akawa mwimbaji wa bendi ya Queen na kuitwa Freddie Mercury. Onyesho lake la mwisho na bendi hiyo lilikuwa Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986. Baadaye alijua kwamba ana ugonjwa wa UKIMWI. Hakuwatangazia watu mpaka tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafa. Magazeti yalipouliza mbele ya hapo, ugonjwa ulikanwa. Na hapo siwatetei, maana kunyamaza ni neno moja na kukana ni neno jingine. Lakini wenzake wa bendi alikuwa amewaambia. Nao walikaa naye, wakaacha kusafiri, wakafanya kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Ilipofika siku ya kuimba wimbo mmoja mgumu, mwenzake Brian May alidhani mwili wake hautaweza, akauimba. Aliimba hali anakaribia kufa, lakini watu waliosimama karibu naye walijua. Mzigo ule ule, ukichukuliwa na watu wanne, si mzigo wa mtu mmoja.

Basi mwaona kwamba kosa halimo katika furaha ya jukwaani. Kosa limo katika mambo yanayoizunguka, na hapo ndipo nataka kuwageukia wanaodai.

Kumbukeni Zaburi ya 137. Wana wa Israeli walichukuliwa mateka mpaka Babeli, wakatundika vinubi vyao mitini kando ya mito. Na waliowateka wakawataka waimbe nyimbo za furaha za kwao. Nani alikosa hapo? Si waimbaji. Walikosa wale waliotaka wimbo bila kutaka kujua habari za mwimbaji. Kumbukeni na Daudi. Sauli alipokuwa akisumbuliwa na roho mbaya, Daudi alimpigia kinubi akatulia. Na siku moja, Daudi akipiga kama kawaida yake, Sauli akamtupia mkuki. Maandiko yatuambia mara nyingi jinsi Sauli alivyojisikia. Lakini katika jumba lile lote hatusikii mtu amwulizaye kijana wa kinubi kama ameamkaje. Mfalme aliponywa, na mponyaji alijitafutia usalama wake kwa kukwepa.

Hiyo ndiyo desturi ya umati mahali pote. Watu hulipa, hufurahi, huenda zao. Wenye kupanga safari huhesabu miji, hawahesabu usiku wa kulala. Kama yule aliyepanga miji 24 katika siku 24 angekumbuka kwamba Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba, pengine kijana wa miaka 22 asingehitaji ndege ili apate kufua shati. Ahadi hufunga, nakubali. Mtu aliyeuza tikiti na apige. Lakini ahadi ya kuwafurahisha watu haifungi mpaka kufa. Fedha ya tikiti hurudishwa; tumejua namna ya kurudisha fedha tangu zamani. George Harrison aliposema mara ya kwanza kwamba wasiende bila mwenzao, alisema neno la haki, na lingefaa kusikilizwa.

Wengine watauliza: "Kwa nini mtu kama huyo asiiache kazi yote?" Wako walioiacha. Mwimbaji Little Richard, katika safari yake ya Australia mwaka 1957, aliacha roki ghafula, akaenda kusomea mambo ya dini. Mwaka 1962 alirudi tena kwenye roki. Simcheki, maana kipaji ni kitu kizito kukitua. Beatles nao hawakuacha muziki. Waliacha sehemu ya kazi iliyowaua. Shauri langu ni hilo: mtu asidhani kwamba mbele yake ziko njia mbili tu, kuvumilia yote au kuacha yote. Aweza kupunguza. Aweza kusema, "Mwaka huu sisafiri." Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walijua kwamba kwao kuna watu wanaomtunza hata siku asiyocheza. Safari ya Cobain ilikatizwa mwezi mzima kabla ya kifo chake, lakini kukatiza safari siko kufika kwao.

Sasa neno letu sisi. Katika vijiji vyetu hatuna viwanja vya watu 55,000. Tuna kwaya. Tunaye kiongozi wa kwaya ambaye Jumamosi huimbisha arusini mpaka jua linatua, na Jumatatu huitwa kuongoza nyimbo za maziko, na Jumapili husimama mbele yetu akitabasamu. Tunaye manju wa ngoma, ambaye asipokuja watu husema arusi imepoa. Tunaye katekista, na mwalimu wa watoto wadogo, na yule mama ambaye kila msiba yeye ndiye wa kuwatia wengine nguvu. Hawa wote ni waimbaji wa safari, ingawa safari yao ni ya kijijini. Wamezoewa kuwa wachangamfu, hata mtu akiwaona kimya huuliza, "Leo wewe una nini?" kwa sauti ya kulaumu, kana kwamba wamechelewesha deni.

Nawapa shauri la matendo matatu. La kwanza: arusi ikiisha, kiongozi wa kwaya asipewe chakula cha mwisho kilichopoa. Akae, ale, na mtu mmoja akae naye asimsemeshe habari za nyimbo. La pili: akisema, "Juma hili siwezi," tusimtafutie maneno ya kumlazimisha, aimbishe mwingine, hata kama sauti yake si nzuri. La tatu, nalo ni kubwa: tumwulize hali yake, tungoje jibu. Akijibu upesi kwamba ni mzima, tuulize mara ya pili kwa upole. Mtu mwingine amebeba neno zito miaka mingi kwa sababu kila aliyemsalimu hakusimama. Na ikiwa neno lenyewe ni la kuchoka kuishi, tusimkemee kama mtu asiye na imani, wala tusimwache peke yake usiku ule. Tukae naye, tumwite mganga wa hospitali na mchungaji, maana ni mgonjwa kama mgonjwa wa homa.

Nanyi mnaofanya kazi ya kuwachangamsha wengine, msijihukumu kwa siku ambazo moyo hauitiki. Imbeni vema, fundisheni vema. Hamjaiba kitu cha mtu. Lakini mkiisha kutua ngoma, mwendeeni mtu mmoja mumwambie kweli. Kama hamna mtu huyo, mtafuteni leo kabla ya kwenda kuimba tena.

Nimetoa shauri langu kwa kadiri nilivyoona. Mwenye kuona vingine na aandike katika gazeti letu, tujifunze sote.